Mwanasesere wa Moroni: kumwonjesha mtoto Kifaransa kwa vichezeo, hapa Olumbi

Mzazi wa Olumbi anayetaka mwanawe aonje Kifaransa hana duka la kukimbilia. Vibanda vyetu vinauza mchele, sabuni, vocha na mafuta ya kula. Midoli ikiwapo, ni magari ya plastiki na mipira iliyovuka Ruvuma kutoka Mtwara au kupanda kutoka Pemba, vitu visivyosema lugha yoyote. Nilihangaika kwa muda kabla sijatambua kwamba nilikuwa natafuta pasipo. Kwa hiyo usitarajie hapa orodha ya maduka. Nitakuambia cha kutengeneza kwa mikono yako, cha kuagiza kwa ndugu aliye mbali, na cha kukataa hata ukipewa bure.

Lakini Kifaransa cha nini? Barazani watakujibu neno moja: Afungi. Ni kweli kwamba tangu 2019 mradi wa gesi wa Afungi, hapa hapa wilayani kwetu Palma, unaongozwa na kampuni ya Kifaransa, Total, ambayo siku hizi inajiita TotalEnergies. Nimewasikia akina baba wakisema mtoto akijua lugha ya wenye kampuni, riziki yake imekwisha andikwa. Ndugu zangu, mwenye kutaka kazi ya kuchomelea mabomba huulizwa kama anajua kuchomelea mabomba. Mtoto wa miaka minne akijua kwamba nyekundu ni rouge hajapata ajira, na ukimfundisha kwa tamaa hiyo utamkaripia kila anapokosea, naye atakichukia Kifaransa kabla hajakijua.

Sababu ninayoipenda mimi iko upande wa bahari. Ngazija, kisiwa kikuu cha Komoro, iko kilomita kama 300 mashariki ya pwani hii. Komoro Kifaransa ni lugha rasmi pamoja na Kiarabu na Shikomori, na Mayotte ni mkoa kamili wa Ufaransa tangu 2011. Watu wa pwani yetu wana shangazi, wajomba na binamu kule tangu enzi za majahazi. Kimbunga Chido kilipoipiga Mayotte tarehe 14 Desemba 2024, kesho yake kilitua huku Cabo Delgado, na sisi na wao tukawa tunajuliana hali kwa simu. Mtoto anayeweza kumwamkia binamu yake wa Mamoudzou, Mayotte, kwa lugha anayosomea shuleni kwao amekwisha pata faida, leo hii, bila kungoja awe mtu mzima.

Sasa tuje kwenye vichezeo. Miaka michache iliyopita jamaa yetu mmoja alirudi safarini na simu ya plastiki ya rangirangi. Juu ya boksi palikuwa na bendera ya Ufaransa, tukashangilia. Tulipotia betri ikaanza kuhesabu kwa Kiingereza. Bendera ile ilikuwa moja kati ya bendera nane, maana yake kifaa kinatengenezwa kwa lugha nane, kila kimoja na yake, na hiki chetu kilitoka kiwandani na Kiingereza kisichobadilika. Watoto hawakujali. Waliibonyeza wiki tatu, na betri zilipoanza kuisha sauti ikawa inavuta maneno kama mzee aliyezidiwa na usingizi. Hicho ndicho walichojifunza: kuiga betri inayokufa. Wanaiga mpaka leo, na wanaiga vizuri. Baadaye hewa ya chumvi ikala vile vyuma vya betri, na habari ikaishia hapo.

Hata ingesema Kifaransa safi cha Paris, nadhani matokeo yangekuwa yale yale. Kichezeo kinachosema chenyewe humnyamazisha mtoto: anabonyeza, anasikia, anabonyeza tena. Lugha humwingia mdomoni pale anapotaka kitu kutoka kwa mtu, iwe kadi, mpira au zamu yake, na hakipati mpaka aseme. Basi kipimo changu ni hiki. Chukua kichezeo chochote ujiulize: je, lazima mtoto afungue kinywa ndipo mchezo uendelee? Kama sivyo, hicho ni pambo.

Usianze kwa kudhani mwanao hana kitu. Mtoto wa huku anasikia Kimwani au Kimakwe nyumbani, pengine Shimakonde kwa jirani, Kiswahili sokoni, na akifika darasa la kwanza, akiwa na miaka sita, anakutana na Kireno. Wakati huo huo anakwenda chuoni kusoma alifu, bee, tee. Kila kimoja kati ya hivyo kimemwekea akiba. Sauti za Kifaransa zinazotoka puani, zinazowatesa wenzetu wa Mtwara, yeye amekwisha zisikia katika Kireno: bom, sim, um. Ile j ya rouge ndiyo j ya janela. Ile ch ya chat, yaani paka, ni ch ya chuva. Na ile r ya kooni wanayoicheka watu wote duniani ni jirani wa karibu sana wa ghaini. Mwalimu wa chuo amekwisha fanya kazi hiyo bila kujua anamsaidia Mfaransa. Sauti itakayomsumbua zaidi ni u ya rue na lune. Mwambie mtoto aseme i huku amechongoa midomo kama anayepuliza kaa la moto. Watoto hupenda sana, maana wanaruhusiwa kukunja uso mbele ya wakubwa.

Kichezeo cha kwanza, na kama una nafasi ya kimoja tu basi ni hicho, ni mwanasesere wa nguo. Vipande vya kapulana iliyochakaa, sindano, uzi, na sufi au matambara ya kujazia. Macho na mdomo udarizi kwa uzi, usishone vifungo, kwa sababu mtoto mdogo hung'oa kifungo na kukimeza. Hadi hapo hakuna jipya, bibi zetu wote walishona. Jipya ni hili: mwanasesere huyu katoka Moroni, kule Komoro, na hajui lugha nyingine isipokuwa Kifaransa. Hasikii Kimwani. Hasikii Kiswahili. Ukimwambia “njoo” anakaa kimya kama gogo. Mpe jina, mpe safari aliyosafiri, mpe hata kichefuchefu cha baharini. Kwetu anaitwa Bi Zaina, na hadithi yake ni kwamba alishuka jahazini akiwa amepoteza viatu.

Ukimshika wewe ndiwe sauti yake. Siku ya kwanza anajua maneno mawili: bonjour na non. Mtoto akimletea kikombe, Bi Zaina anasema non. Akimletea kanzu ndogo, non. Akimsalimia bonjour, anaruka kwa furaha na kumkumbatia. Baada ya siku tatu au nne ongeza j'ai faim, nina njaa, na j'ai soif, nina kiu. Hapa una bahati ya lugha. Sisi tunasema nina njaa, Mreno anasema tenho fome, Mfaransa j'ai faim, na wote watatu njaa “wanayo”. Huhitaji kueleza chochote, mtoto anapokea kama kawaida. Kisha encore, tena, ambalo ndilo neno ambalo mtoto hatalisahau kamwe, kwa sababu ndilo linalomrudishia raha. Kisha merci, na usiku bonne nuit. Maneno saba au manane kwa miezi miwili yanatosha kabisa. Akianza kukusahihisha wewe, “Mama, usimwambie hivyo, hasikii,” ujue kazi imeshika.

Onyo moja: usiwahi kumfanya Bi Zaina aelewe Kiswahili kwa sababu umechoka au chungu kinaungua. Mwachie aende kulala. Mwanasesere aliyefumaniwa akisema lugha mbili hawezi kurudi nyuma, na watoto ni mahakimu wakali.

Cha pili ni kadi za jozi. Kata maboksi ya sabuni au biskuti vipande 24 vilivyo sawa, kila kimoja ukubwa wa kiberiti mara mbili. Migongo yote ifanane, maana mtoto mwerevu hukariri picha ya boksi badala ya mchoro. Bandika karatasi nyeupe pande zote, chora vitu 12 mara mbili, kisha zungushia gundi ya karatasi ile ya uwazi ili jasho na mchanga visiharibu. Chora vitu anavyoviona kila siku. Usiniletee theluji na mnara wa Eiffel. Mimi nilichagua hivi: le poisson, samaki, la pirogue, mtumbwi, le crabe, kaa, la tortue, kasa, le poulpe, pweza, la noix de coco, nazi, la mangue, embe, la poule, kuku, la chèvre, mbuzi, le soleil, jua, la lune, mwezi, la maison, nyumba.

Kadi zinalazwa kifudifudi, mtoto anafunua mbili, zikifanana anazichukua. Sheria yetu ya ziada ni kwamba hakuna kuchukua kabla ya kutaja jina. Asiyelijua jina anaruhusiwa kuuliza c'est quoi? yaani ni nini, lakini aulize kwa Kifaransa. Kaka mkubwa atataka kumsemea mdogo wake. Mkataze.

Lile le na la lifundishe likiwa limegandana na neno lake. Mtoto wetu hatumfundishi “ti” tukamwachia atafute ki- mwenyewe, tunampa kiti kizima. Kireno hakitamwokoa kila mara hapa. Mara nyingi zinakwenda sambamba, o peixe na le poisson, lakini Mreno anasema o mar na Mfaransa la mer: bahari ya mmoja ni ya kiume na ya mwenzake ya kike. Usieleze, sema tu kama ilivyo.

Sasa swali unalolishika kifuani tangu mwanzo: mimi mwenyewe sijui Kifaransa, nitatamka vipi? Usisome maneno haya kwa macho ya Kireno wala ya Kiswahili, utapotea. Herufi oi zinatamkwa wa, ou ni u yetu ya kawaida, na herufi za mwisho mara nyingi hazitamkwi kabisa: trois ni trwa, lait ni le. Na kuna mtego unaotuhusu sisi wavuvi. Poisson yenye s mbili ni samaki. Poison yenye s moja, inayotamkwa kwa z, ni sumu. Njia salama ni kumpigia jamaa aliye Mayotte au Moroni, umtumie picha ya kadi zako, naye akutumie sauti kwa WhatsApp, akitaja kila neno mara mbili taratibu, na mtoto akisikia kwamba ni binamu halisi anayesema. Sauti ya dakika mbili inakaa kwenye simu miaka. Kama huna jamaa kule, RFI inatangaza kwa Kifaransa mchana kutwa, na tangu 2010 ina idhaa ya Kiswahili pia. Sikiliza ile ya Kifaransa ukipika, hata bila kuelewa, sikio lizoee mwendo wake.

Mwandiko wa Kifaransa usiuweke kwenye kadi kabla mtoto hajasoma vizuri Kireno au Kimwani, ambacho siku hizi kimo katika mpango wa shule wa lugha mbili. Akiona trois huku bado anapambana na dois, utamvuruga katika lugha zote mbili. Andika nyuma ya daftari lako, kwa ajili yako.

Nje ya nyumba mambo ni mepesi, na gharama ni mchanga tu. Ule mchezo wa kuganda kama sanamu Wafaransa wanauita un, deux, trois, soleil. Mmoja anasimama ameelekea mnazi, wengine wanamnyatia. Anatamka maneno hayo manne kisha anageuka ghafla, na anayeonekana akitikisika anarudi mwanzo. Mtoto amehesabu mpaka tatu mara hamsini kwa jioni moja bila kuambiwa ahesabu. Kuruka vyumba vya mchangani nako wanako, kwa jina la marelle, na safari yake inaanza terre, ardhini, na kuishia ciel, mbinguni. Bao je? Komoro huitwa mraha, na kete zinahesabika kwa Kifaransa kama kwa lugha yoyote. Ishia kumi. Ukikuta namna Mfaransa anavyosema sabini, “sitini na kumi”, utacheka peke yako, lakini hiyo ni ya baadaye sana.

Kuna pia pétanque, mchezo wa kurusha mipira ya chuma karibu na kijipira kidogo, uliozaliwa La Ciotat, kusini mwa Ufaransa, mwanzoni mwa karne iliyopita. Sisi tunatumia vifuu vilivyojazwa mchanga. Tatizo ni kwamba kile kijipira huitwa cochonnet, yaani kinguruwe. Wazee wakiguna, kiite le but, shabaha, Wafaransa wenyewe hulitumia jina hilo. Watoto kwa siri watakiita jina la kwanza, na hawatalisahau.

Kama kuna ndugu anayerudi kutoka Mayotte, Réunion au Ufaransa na amekuuliza akuletee nini, usiseme “midoli ya Kifaransa.” Utaletewa dubu. Sema kwa jina: mchezo wa karata unaoitwa jeu des 7 familles. Ni karata 42, familia saba zenye watu sita sita, baba, mama, mwana wa kiume, wa kike, babu na bibi. Ili uchukue karata ya mwenzako lazima umwombe kwa maneno, na asiyeomba hapati. Kwa kipimo changu, dukani hakuna cha kuuzidi, na ni mwepesi mno kwenye begi. Unafaa kuanzia miaka mitano au sita. Sehemu ambako karata ni haramu machoni pa wazee, waonyeshe kwamba hazina shupaza wala kopa, ni picha za familia tu. Wakikataa bado, usibishane, una zile za jozi.

Cha pili cha kuagiza ni imagier, kitabu cha picha na majina, chenye kurasa ngumu za bodi. Au nakala kuukuu za magazeti ya watoto, Popi kwa wachanga na Pomme d'Api, lililoanza 1966, kwa wenye miaka mitatu hadi saba. Watoto wa Ufaransa wakishayasoma wazazi wao huyatoa bure au kwa bei ya karanga. Huku utayakata picha uongeze kwenye kadi zako.

Kuna pia visanduku vya kusimulia hadithi kwa sauti, kama vile vya kampuni ya Lunii. Nimevisikiliza. Vimetengenezwa vizuri sana, kwa mtoto ambaye Kifaransa ni lugha ya mama yake. Kwa wetu ni mvua inayopita juu ya mwamvuli. Ukipewa, pokea, mfungulie akifika miaka tisa.

Kwa chochote chenye betri, mwambie mletaji akijaribu dukani na akurekodie video kikisema. Asitegemee bendera. Boksi likisema piles non incluses, betri hazimo. Likisema dès 3 ans, ni kuanzia miaka mitatu, na mduara mwekundu wenye uso wa mtoto aliyekatwa kwa mstari na tarakimu 0-3 ni onyo, siyo pambo: kuna vipande vya kukaba koo. Lililo baya kuliko yote ni zile betri bapa kama sarafu. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kuunguza nyama ndani ya saa mbili tu, na kutoka hapa hospitali haiko umbali wa saa mbili kila siku. Kichezeo ambacho kifuniko cha betri hakikazwi kwa skrubu, usikipokee.

Muda? Dakika kumi jioni, kabla ya kula au wakati samaki wanakaangwa. Afadhali hizo kila siku kuliko saa nzima siku ya Ijumaa. Na mtoto akisema leo hataki, mwache. Bi Zaina ameumwa kichwa.

Limebaki jambo moja ambalo mwandishi wa Paris au wa Nairobi asingekuambia. Palma iliposhambuliwa tarehe 24 Machi 2021, na kwa miaka ya kabla na baada yake, watu wa ukanda huu tulijifunza kuondoka na kile kinachoshikika kwa mkono mmoja, mwingine umeshika mtoto. Kadi zetu za kwanza zilibaki ndani ya nyumba. Ndiyo maana sinunui tena kichezeo kikubwa, na sikutajii chochote kisichokunjika. Kadi 24 na mwanasesere mmoja vinaingia katika mfuko wa kitambaa wa kamba, nao wa kwetu unaning'inia nyuma ya mlango, msumari mmoja na ule wenye cédula za watoto, yaani hati zao za kuzaliwa, na kadi za chanjo. Ning'iniza wako hapo hapo.